Kwenye Simu ya Baba Shamba Lilikuwa Kijani

Kwa miaka miwili simu ya baba ilikaa kwenye droo ya meza yangu, katika chumba ninachopanga hapa Voi, ikiwa ndani ya soksi. Kila Jumapili nikitoka kanisani niliitoa, nikaichomeka kwenye chaji, nikaangalia kwanza kama ile alama ya ndege bado iko juu ya skrini, ile inayoonyesha kwamba simu imekatwa na dunia nzima. Nikiiona nilipumua. Halafu nilifungua kivinjari, na ukurasa ulikuwa pale pale: orodha ya mashamba ya kijijini kwetu chini ya mlima Kasigau, kila shamba na rangi yake, la kwetu likiwa la nne kutoka juu, kijani. Kando yake paliandikwa, "Mwenye shamba yupo. Hakuna ndovu." Mwenye shamba ni baba, na tulikuwa tumeshamzika nyuma ya nyumba, karibu na mchungwa.

Nianze mwanzo, maana ukurasa huo niliutengeneza mimi, na mimi mwenyewe huwa nakasirishwa na msimulizi anayerukaruka.

Kazi yangu ni kutengeneza kurasa za mtandao. Nyumba za wageni, shule, muuza vipuri, kanisa moja lililotaka picha ya mchungaji iwe kubwa kuliko ya msalaba. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alistaafu kazi, lakini ualimu haukumtoka. Nikienda nyumbani aliniuliza ninachofanya mjini kana kwamba ananisahihishia daftari. Siku moja nilimwonyesha ukurasa wa hoteli, na mabwawa yake ya kuogelea na vitanda vya neti nyeupe. Akaangalia kwa makini, akanirudishia simu.

"Wageni umewatengenezea mahali pa kulala," akasema. "Sisi tunaolala na ndovu umetutengenezea nini?"

Nilinuna safari nzima ya kurudi Voi. Lakini alikuwa amesema kweli. Kwetu mtu analima pojo na mahindi miezi yote, halafu ndovu wanatoka upande wa ranchi, wanapita shambani mara moja tu, na mwaka wake umekwisha. Watu hufunga waya kuzunguka shamba na kuning'iniza vipande vya mabati, vikitikisika vipige kelele na kumetameta. Ndovu wengine hugeuka. Wengine wameshavizoea.

Kwa hiyo nikatengeneza ukurasa wa ndovu. Ulikuwa wa kawaida kabisa: kila shamba mstari wake. Aliyewaona ndovu anatuma ujumbe, na shamba lililo njiani mwao linageuka jekundu. Wakiondoka linarudi kijani. Mwenye shamba akifika kulinda anabonyeza "nipo", ili watu wajue nani yuko wapi. Nilijiona nimemaliza kazi.

Haikuwa hivyo. Mtandao wa kwetu huja na kwenda. Kuna jiwe moja juu ya njia ya kisimani ambalo ukisimama juu yake unaupata vizuri, lakini ndani ya nyumba ni bahati yako. Watu walifungua ukurasa wakaona weupe mtupu na maneno ya kwamba hakuna mtandao. Katika mkutano uliofanyika kwenye darasa la chekechea, mzee mmoja alisimama mbele ya wote akasema, "Huu ukurasa wa binti ya mwalimu ni kama duka la mtu aliyehama. Unagonga, unagonga, hakuna mtu." Watu wakacheka. Baba alikuwa ameketi safu ya mbele kwenye kile kiti kidogo cha watoto, na hakugeuka kuniangalia.

Mimi nina hasira za karibu. Wiki hiyo hiyo nililitatua tatizo, na nililitatua vizuri, kama anavyotatua mtu aliyechekwa.

Kivinjari cha simu, kile unachofungulia kurasa, hakipendi kurudia kazi. Ukifungua ukurasa, kinaweka nakala yake ndani ya simu. Na kila ukurasa unapotoka kwenye seva, yaani ile kompyuta ya mbali unakokaa, hutoka na maagizo: nakala hii unaweza kuitunza kwa muda fulani. Muda huo usipokwisha, ukiufungua tena ukurasa, kivinjari hakiulizi mtu. Kinakutolea nakala uliyonayo, haraka, bila kula bando, hata ukiwa ndani ya pango. Muda ukipita ndipo kinapoiuliza seva: kuna kilichobadilika? Kama hakuna, seva hujibu kwa ufupi kwamba bado ni ile ile. Kama kipo, inatuma ukurasa mpya. Na kuna njia ya kukilazimisha kiulize hata kama hakioni haja: unaweka kidole juu ya skrini na kuuvuta ukurasa chini mpaka kile kimshale cha mviringo kizunguke.

Niliandika saa kumi na mbili. Seva huhesabu kwa sekunde, kwa hiyo niliandika elfu arobaini na tatu na mia mbili, kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe cha chai. Nilifikiri: mtu akiufungua jioni akiwa juu ya jiwe, utamfungukia mpaka asubuhi popote alipo.

Ukaanza kufunguka kila mahali. Jikoni, kanisani, chini ya kitanda. Yule mzee wa duka lililohamwa alinitumia salamu. Na baba alinipigia simu, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akasema, "Sasa umefanya kazi." Tangu nilipomaliza darasa la nane sikuwa nimesikia maneno kama hayo kutoka kwake. Nilizunguka Voi siku ile nikitabasamu peke yangu mpaka muuza matunda wa karibu na stendi akaniuliza kama nimeposwa.

Jambo ambalo sikuliona ni hili. Kabla ya hapo, ukurasa ukifunguka ilikuwa dalili kwamba mtandao upo, na kama mtandao upo, basi habari ni za sasa. Watu wa kwetu walikuwa wamejifunza hivyo bila kufundishwa. Ule weupe uliowaudhi ndio uliokuwa ukisema kweli: sijui, usiniamini, nenda juu ya jiwe. Nikauondoa, na mahali pake nikaweka nakala ya jana inayofanana kabisa na ya leo.

Muda si muda wakaanza kusema kuhusu ndovu mwenye jino moja. Alikuwa dume mzee, anajulikana. Mama alinisimulia kwenye simu, kwa sauti ya chini, na mama hakuwa mtu wa sauti ya chini. Wanawake walikuwa bombani wakisubiri maji, wakafungua ukurasa pamoja. Kwenye simu ya mmoja, ndovu yuko upande wa kanisa. Kwenye simu ya mwingine yuko upande wa bwawa, mbali, ng'ambo ya mlima. Wakaweka simu mbili sambamba juu ya ukuta wa tangi wakaziangalia. Halafu wakasikia mabati yakipiga upande wa tatu, ambao simu zote mbili zilikuwa zimeupa kijani.

"Jirani amesema huyo si ndovu," mama akasema. Jirani ni mama mmoja mzee ambaye ua wake umepakana na wetu. "Amesema ndovu ana miguu minne na yote hukaa mahali pamoja."

Nilicheka. Nakumbuka nilivyocheka, kwa kichwa kurudi nyuma. Nilijua sababu mara moja: simu mbili zilizofungua ukurasa saa tofauti zina nakala tofauti. Nikamwambia mama awaambie wasiogope, ni mambo ya simu tu, nitarekebisha nikipata nafasi. Wiki hiyo kulikuwa na hoteli iliyotaka bwawa lake lionekane bluu zaidi. Wiki iliyofuata kulikuwa na jambo lingine. Mama hakuuliza tena, na kijijini watu wakaacha kulitaja jino moja kwa sauti.

Sasa ile siku.

Pojo lilikuwa limekaribia kuvunwa. Jioni ya siku iliyotangulia, baba alikuwa juu ya jiwe saa kumi na moja na nusu. Aliufungua ukurasa, akabonyeza "nipo" kwa shamba letu, akatembea huko akakagua waya, akarudi nyumbani bila kubonyeza chochote, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kubonyeza wakati wa kuondoka. Mezani wakagombana. Mama alimwambia wanaume wenzake wanalala mashambani na yeye analala kitandani kama mgeni aliyealikwa. Alimwambia pojo hilo likiliwa asimtafute yeye. Mama alikuwa na mdomo, ndivyo alivyokuwa, tulikulia humo, na baba kwa kawaida alimjibu kwa kufungua redio.

Saa tatu usiku mtu wa upande wa pili wa mlima alituma ujumbe kwamba ndovu wamevuka. Kwenye seva shamba letu likawa jekundu. Seva ilijua. Ilikuwa inajua usiku kucha.

Saa kumi na moja na robo alfajiri baba aliamka, akavaa koti, akaiangalia simu yake hapo mezani, akaitia mfukoni, akatoka bila kunywa chai. Mama alisikia mlango. Alikaa kitandani kidogo akiwa bado amenuna, halafu akaamka, akawasha simu yake mwenyewe. Humo alikuwa ameufungua ukurasa mchana wa jana, kwa hiyo muda wa nakala ulikuwa umekwisha, na kwa bahati mtandao ulikuwepo. Simu ikauliza, ikajibiwa. Shamba letu jekundu.

Usiku kucha simu mbili zilikuwa zimelala juu ya meza moja, nusu mkono kati yake.

Mama alitoka mbio na khanga moja. Alipofika kulikuwa kumeshapambazuka. Waya ulikuwa umelala chini upande mmoja, lakini upande uliobaki mabati yalikuwa yakicheza na kulia, na hakukuwa na upepo. Baba alikuwa katikati ya pojo. Siwezi kuandika zaidi ya hapo, na sitaki.

Nilipofika nyumbani walikuwa wameshamleta. Mwanamume mmoja aliyekuwa amesaidia kumbeba alinipa vitu vya mfukoni kwa sababu mimi ndiye kifungua mimba: miwani, kitambaa, kalamu nyekundu, na simu iliyopasuka pembeni. Nilikwenda nayo nyuma ya jiko nikaiwasha. Kivinjari kikarudisha ukurasa jinsi baba alivyouacha wazi alfajiri, bila kuuliza seva kwanza. Shamba letu kijani. Mwenye shamba yupo. Hakuna ndovu. Chini, kwa herufi ndogo, saa ambayo ukurasa ulitoka kwenye seva: kumi na moja na nusu jioni.

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. Dakika kumi na tano. Robo saa zaidi na nakala ingekuwa imekwisha muda, simu ingeuliza, ingepata wekundu, au ingekosa mtandao na kumwonyesha ule weupe, naye angepanda kwenye jiwe. Hata mtandao ungekuwa umejaa nyumba nzima alfajiri ile, simu yake isingeuliza, kwa sababu mimi nilikuwa nimeiambia isiulize. Na kabla sijatoa hata chozi moja, niliweka alama ya ndege.

Siku ile yote ilikuwa ya kutisha kwa namna ambayo ni mimi peke yangu niliyeielewa. Watu walijaa uani, na kila aliyefungua simu yake kuangalia njia ya kurudi nyumbani aliona mstari wa nne: mwenye shamba yupo. Niliwaona wakiangalia skrini, wakiangalia mlango wa chumba alimolala, wakizima. Usiku nilikaa na kompyuta nikaufuta mstari wake. Nikabadilisha na yale maagizo, kwamba kuanzia sasa simu iulize kila mara. Lakini nakala zilizokwishatoka huwezi kuziita zirudi. Zimo ndani ya simu za watu, kila moja na muda wake.

Wiki moja baada ya mazishi, mama mmoja aliyekuwa amekwenda kwa dadake huko Chala alirudi. Simu yake ilikuwa imezimika chaji huko. Alipoichomeka na kuiwasha, kivinjari kilimrudishia ukurasa jinsi alivyouacha kabla ya kusafiri, bila kuuliza. Alitoka nje mikono kichwani akituita. Alikuwa anaonyesha simu iliyo chini kwenye vumbi, hataki kuishika. "Mwalimu yuko shambani," akasema. "Imeandikwa yuko shambani." Mimi nilikwenda, nikaiokota, nikauvuta ukurasa chini kwa kidole, na baba akaondoka. Wote walinitazama nilivyofanya. Tangu siku hiyo kuna watoto kwetu ambao hawapiti karibu nami.

Ndipo nikaanza kufundisha. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, kuzunguka mlima, na masharti yangu matatu: hakikisha alama ya ndege imezimwa, vuta chini, angalia saa. Usisome chochote kabla hujavuta. Nilikuwa mkali kuliko baba. Niliwafanyisha mazoezi wazee wa watu, mara ishirini, mpaka kidole kifanye chenyewe. Mama nilimfundisha kuliko wote. Nilikuwa nikimpa simu ghafla tukiwa tunapika, na asipovuta kwanza namnyang'anya. Watu walisema binti ya mwalimu amekuwa mwalimu. Waliona ni huzuni, na mimi niliwaacha waone hivyo.

Sikumwambia mtu kilichokuwa kwenye simu ya baba. Huo ndio ukweli wenyewe, na sitautia sukari.

Maana mama alikuwa na hesabu yake. Kwake yeye, simu mbili zilikuwa mezani, yake ilionyesha nyekundu, basi na ya mumewe ilionyesha nyekundu. Mumewe aliiangalia. Akaona. Akavaa koti akaenda, kwa sababu mkewe alikuwa amemwita mgeni katika kitanda chake. Hakuwahi kulia akilisema. Alilisema jinsi mtu anavyokuambia jina la shule aliyosomea. "Aliona nyekundu akaenda. Mimi nilimtuma."

Mara ya kwanza alipolisema nilimwacha aendelee. Nilijiambia nitamweleza arobaini ikipita. Ikapita. Nilijiambia nitamweleza Krismasi. Ushahidi ulikuwa mmoja tu. Kumbukumbu za seva, zinazoandika ni simu gani imeuliza nini saa ngapi, hujifuta zenyewe baada ya muda, na niliziacha zijifute. Kilichobaki ni nakala ile moja, ndani ya soksi, Voi. Ungeniuliza kwa nini sikuipiga picha ya skrini, mimi ninayejua haya mambo. Nitakujibu: picha inasafiri. Nilitaka kitu kinachonishtaki kiwe mahali pamoja tu, na mahali hapo pawe na kufuli.

Kila Jumapili niliifungua. Nilipokuwa mdogo bibi, mamake baba, alinionyesha miamba iliyo juu ya kijiji akaniambia kwamba zamani marehemu akishakaa kaburini kwa muda, walifukua kichwa chake wakakiweka huko mwambani pamoja na vichwa vya wakubwa wa ukoo, na watu walikuwa wakienda kuwauliza mambo. Nilimuuliza kama wanajibu. "Wanajibu," akasema bibi, "lakini wanajibu ya siku zao. Mwulize njia, atakuelekeza kwenye mto uliokauka." Baba hakupenda tuambiwe hayo, yeye alikuwa mtu wa kanisa. Nami sasa nilikuwa na droo yangu mjini, na kila wiki niliuliza, na kila wiki nilijibiwa kwamba yupo, hakuna ndovu. Kuna Jumapili nilizoamini. Nilikuwa nikienda dirishani nikatazama upande wa Kasigau, nikaona ni jambo rahisi sana, yuko shambani, atarudi akiona njaa.

Kilichonitoa humo si ushujaa. Ni maziwa.

Nilikuwa nyumbani, nimeachiwa maziwa jikoni, nikawa najibu ujumbe wa mteja yakafurika yote, yakazima moto, moshi ukajaa. Mama aliingia, akaona. Mimi nikajikunja nikisubiri. Mama niliyemjua angenisema mpaka jirani achangie kutoka ng'ambo ya ua, angenikumbusha kila sufuria niliyounguza tangu darasa la tatu. Mama akachukua kitambaa akaanza kupangusa.

"Si kitu," akasema. "Ni maziwa tu."

Nilisimama pale. Nikaanza kukumbuka. Miaka miwili hakuwa amemgombeza mtu. Wala muuza samaki anayemletea waliolala, wala mbuzi wa jirani. Shamba lilikuwa limeota vichaka na hakusema neno. Alikuwa ameamua kwamba mdomo wake unaua, na alikuwa ameufunga. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo, nao ulikuwa ndani ya soksi.

Jumamosi iliyofuata niliipeleka. Nilifika adhuhuri. Kwanza nilifungua kompyuta kidogo pale sebuleni, kuna kosa nililotaka kurekebisha kwenye ukurasa, nikaiunganisha na mtandao kupitia simu yangu kama ninavyofanya siku zote nikiwa nyumbani. Nilikuwa navuta muda, najijua. Mama akaniletea sahani ya kimanga, mihogo iliyopondwa na maharage, akaketi karibu. Nikapiga moyo konde.

"Mama," nikasema, "nina simu ya baba."

"Najua unayo."

"Kuna kitu ndani yake nataka ukione. Kuhusu asubuhi ile. Nilipaswa kukuonyesha zamani."

Akajifuta mikono kwenye khanga, polepole, kidole kimoja kimoja. Nikaitoa simu kwenye soksi. Nilikuwa nimeshaufungua ukurasa tangu Voi, kijani kikiwa katikati ya skrini, asipate shida ya kutafuta. Nikamwekea mkononi. Miwani yake ilikuwa kichwani, akaishusha puani.

Nilidhani ataangalia. Mtu yeyote angeangalia.

Kidole chake kilikwenda juu ya skrini kikaona alama ya ndege, kikaizima. Simu ya baba ilikuwa inaujua mtandao wa simu yangu tangu akiwa hai, ikajiunga yenyewe, kimya, kama anayeingia nyumbani kwake. Nilisema "mama, ngoja," lakini nadhani nililisema moyoni. Akaweka kidole, akavuta chini, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Kile kimshale kikazunguka mara mbili. Halafu akainua simu karibu na macho akaanza kusoma.

"Shamba la nne ni la jirani," akasema. "La kwetu halipo. Ulilitoa. Ni nini unataka nione?"

Nikaichukua simu. Saa iliyokuwa chini ilikuwa ya dakika ile. Nilibonyeza kurudi nyuma, nikafungua historia, nikafanya yote niyajuayo na mengine nisiyoyajua, na kila nilikobonyeza nilikuta ukurasa wa leo. Nje mabati ya jirani yalikuwa yanagongana kidogo kidogo.

Basi nikabaki na mdomo tu. Nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu nakala na muda wake, saa kumi na mbili nilizoandika nikinywa chai, robo saa iliyobaki. Nilimwambia kwamba simu mbili zinaweza kulala meza moja na kusema mambo mawili. Nilimwambia simu ya baba ilikuwa kijani. Hakuona nyekundu. Hakwenda kwa hasira. Alikwenda kuangalia pojo, mama, basi, kwa sababu alijua hakuna ndovu. Aliyemtuma ni mimi. Na mimi nimelijua hilo tangu siku ile nyuma ya jiko, nikakuacha.

Nililia nilipokuwa nasema, kwikwi kama za mtoto, na nilipomaliza sikuweza kuinua uso.

Mama akasogea karibu zaidi. Halafu nikahisi mkono wake kichwani.

"Ilikuwa kijani?" akauliza.

"Ilikuwa kijani, mama. Haki ya Mungu. Niliiona kila Jumapili."

"Na sasa haiko."

"Sasa haiko."

Akanipapasa nywele, kutoka mbele kwenda nyuma, alivyokuwa akifanya nikiwa na homa.

"Asante, mwanangu," akasema. "Umefikiria sana mpaka ukapata hadithi hiyo. Nimeona unavyotaka nipumzike. Baba yako naye alikuwa na roho hiyo, ya kujitwika makosa ya watu."

"Mama, sikutungii uongo. Mama, nisikilize. Nigombeze. Nimekuambia nimeua, nigombeze basi!"

Alivua miwani akaipangusa, akairudisha kichwani. Akaiangalia sahani yangu.

"Kimanga kimepoa," akasema. "Nikupashie?"